Maji ya Bomba kwenye Tangi la Dawa

Ndani ya basi, kwenye kiti cha kando yangu, mshonaji mmoja alimsimulia fundi magari aliyeketi naye jinsi gari lake la dizeli lilivyogoma kuwaka asubuhi ya kumpeleka mama yake kliniki.

"Tangi la dawa ya moshi, ile ya kusafisha moshi wa dizeli, lilikuwa limejaa maji ya bomba," alisema. "Na aliyeniuzia gari hilo ni kaka yangu wa tumbo moja."

"Labda hakujua, dada. Wengi hudhani maji yanatosha."

"Alijua, fundi. Taa ya onyo aliiziba kwa selotepu nyeusi."

Fundi akainamia viatu vyake. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

"Na mama yuko wapi?"

"Nyuma yako. Anataka nimsamehe mwanawe, nami nimekataa."

Basi liliposimama, mama akashuka peke yake, akiuacha hewani mkono ambao bintiye alimnyooshea.