Samaki wa Plastiki wa Papa Jumaine

Ndani ya basi ya kutoka Katindo kwenda ziwani, mbele ya kiti changu, Papa Jumaine wa Murara alikuwa amekumbatia fimbo ya kuvulia kama bibi arusi. Hakumjua Mama Kaswera, muuza samaki wadogo waitwao sambaza, mpaka fimbo ilipomgonga kichwa.

"Unisamehe, mama. Hii ni ngumu, hailegei. Samaki akigusa, mukono inasikia." Akamwonyesha chambo: samaki wa plastiki, kijani, kichwa cha chuma, ndoano mgongoni. "Huyu anaruka-ruka chini kabisa. Kesho baba-mukwe anakuja, nimemuahidi tilapia."

"Chini kuko mawe ya volkano, papa. Utavuta mulima Nyiragongo yote."

"Wavuvi wenu wanaimbiaka sambaza, na unanicheka mimi?"

"Wanaimba, na zinakuja. Huyu wako, umeshamuimbia?"

Nilimtazama yule samaki. Kati yetu wote, ndiye peke yake aliyejua kunyamaza.

Basi ikasimama. Mama Kaswera akainuka kushuka, kitenge kikakataa: ndoano ilikuwa imekishika. Fimbo isiyolegea ikapinda kama upinde.

Mama akageuka taratibu. "Felisitasio, hongera papa, umevua. Baba-mukwe anapendaka wa kukaanga, ao wa kuchoma?"