Mapigo Tisa ya Preben Bundgaard

Baada ya miaka thelathini na tisa na miezi minane ya utumishi, Preben Bundgaard, mpiga kengele, mchimba makaburi na mtunza bustani wa kanisa letu la Hvidlev, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Novemba. Wasifu wake niliumaliza tangu Septemba: kurasa mbili safi, na mzaha mmoja kuhusu toroli lake. Nimeuchana. Huu mnaousoma umeandikwa na mtu ambaye moyo wake bado haujatulia, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na yale yanayojulikana. Preben aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1985 na kufunzwa kazi na mzee Anders, mpiga kengele wa zamani, mtu mkali ambaye hakuwahi kumsifu yeyote aliye hai. Tangu hapo amechimba makaburi mia nne na ushee, na hakuna hata moja lililopinda. Ua wa makaburini ameupogoa ukanyooka kiasi kwamba unaweza kuweka kikombe cha kahawa juu yake kisimwagike. Mimi nimejaribu.

Mwaka 1991 baraza la usharika lilinunua mashine ya kupigia kengele, sanduku la chuma lenye mota na saa, likafungwa juu mnarani. Kazi yake ilikuwa kuamsha kijiji asubuhi na kukilaza jua linapozama, na kila mara kumalizia na yale mapigo tisa ya kusali: matatu, kimya, matatu, kimya, matatu. Preben akabaki na kazi ya kuikagua tu. Watu walimtania sana. "Wewe bwana, mashine inakufanyia kazi, umebaki kula keki!" Naye alijibu, "Ndiyo hivyo," akachukua kofia yake na kwenda kuikagua.

Aliikagua kwa bidii ya ajabu. Siku ya kutimiza miaka hamsini aliondoka mezani kwake mwenyewe kabla nyama haijaletwa. Hakuwahi kwenda likizo kusini, kwenye nchi za jua, kama wenzake. Fundi hakuitwa hata mara moja, kwa kuwa Preben alisema anaimudu mwenyewe. Mwaka 2003 tulifurahi hata tukamwandikia mtengenezaji barua ya kumpongeza kwa mashine isiyoharibika. Barua hiyo niliichapa mimi, Gudrun Nørgaard, mpiga kinanda na katibu wenu, kwa vidole hivi hivi.

Tarehe 7 Oktoba, Torben, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa na sasa ndiye mrithi wa Preben, alipanda mnarani kutafuta swichi. Baada ya muda nikamsikia akipiga kelele kutoka juu.

"Gudrun! Hebu njoo uone mwenyewe, maana nikikusimulia utasema nimelewa!"

Nina miaka sitini na minane na ngazi ni sitini na moja, lakini nilipanda. Sanduku lilikuwa wazi. Waya zote zilikuwa zimeungua, nyeusi tii, na juu yake kunguru walikuwa wamejenga kiota cha vizazi vingi, kikiwa na kijiko kimoja cha nyumba ya usharika ambacho tulimsingizia mke wa mchungaji kwamba alikiiba. Mashine ile ilikuwa imekufa zamani sana. Na jioni iliyotangulia, nikiwa jikoni kwangu, kengele niliisikia kwa masikio yangu.

Kando ya sanduku ilining'inia kamba, laini kwa kushikwa. Chini yake, kwenye mbao za sakafu, palikuwa na mashimo mawili yaliyolika, ukubwa wa nyayo za mtu mzima. Torben alivua kofia. Mimi nikakaa kwenye ngazi.

Tulimkuta Preben akikusanya majani. Alitutazama nyuso zetu akajua.

"Radi," alisema. "Agosti, mwaka tisini na nane."

"Preben, hiyo ni miaka ishirini na sita!"

"Najua. Nilikuwa nataka kumpigia simu fundi."

Zaidi ya mara elfu kumi na tisa, asubuhi na jioni, kwa mkono. Alipolazwa kwa nimonia mwaka 2009, aliyepanda ni mkewe, Karen-Marie. Yeye alijua. Sisi wengine, tuliopita chini ya mnara kila siku na kujisifu kwamba hapa hakuna siri, hatukujua kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuwa ukitulilia juu ya vichwa mara mbili kwa siku.

Kwa nini alifanya hivyo, alitueleza kwenye benchi, na ameniruhusu kuyaandika. Machi mwaka ule wa 1998, binti yao wa pekee, Lisbet, alishikwa na homa ya uti wa mgongo Jumanne, na Alhamisi akafariki. Alikuwa na miaka kumi na saba. Preben alimchimbia kaburi mwenyewe, hakukubali mtu mwingine ashike koleo. Baada ya hapo sala ilimkaukia. Ibadani alikuwa akisimama na kuchezesha midomo tu, ndani hamna kitu. Wachungaji wawili walijaribu kumfariji, akawashukuru wote wawili kwa adabu na kurudi nyumbani vile vile.

Ndipo radi ikapiga. Jioni ile alipanda ashike kamba kwa siku moja tu. Sasa, mzee Anders alikuwa amemfundisha kwamba kimya cha katikati ya mapigo hakipimwi kwa saa. Kinapimwa kwa Sala ya Bwana: unaisali yote kwa mwendo wa kawaida, ndipo unapiga matatu mengine. Ukiacha kusali, utaharakisha na kijiji kizima kitakusikia. Basi Preben akaisali kama fundi anavyopima ubao. Alipofika pale pa mapenzi ya Mungu kutimizwa, alikwama. Alisimama na kamba mkononi mpaka akapita. Kesho yake alikwama tena, muda mfupi kidogo.

"Sikuwa nasali," alisema. "Nilikuwa nafanya kazi. Sala ikaja yenyewe, kazini."

Hakumwita fundi. Na ninyi mnaokumbuka kumbukumbu zetu za vikao, tafuteni muone tumeandika mara ngapi kwamba mashine husuasua kila mwezi wa Machi.

Hapa lazima niseme langu, kwa sababu ndilo lililonivunja zaidi. Mume wangu Kresten alianguka zizini mwaka 2011 na hakuinuka. Tangu hapo kila jioni nimekaa dirishani jikoni nikisubiri mapigo yale. Niligundua kwamba kati ya matatu na matatu, Sala ya Bwana inaenea kamili, haizidi wala haipungui. Nilimshukuru Mungu kwa kuipanga mashine vizuri namna ile, kwa ajili ya mjane mmoja wa Hvidlev. Kumbe iliwiana kwa sababu juu kule palikuwa na mtu anayesema maneno yale yale, saa ile ile, kwa ajili ya mtoto wake. Miaka kumi na tatu nilidhani nasali peke yangu. Nilimwambia hivyo pale benchini, akaishusha kofia yake mpaka machoni.

Bega lake la kulia limekwisha, na daktari amekataza kamba kabisa. Kilichomtisha Preben si maumivu. "Gudrun, nje ya mnara sijawahi kuimaliza sala ile tangu Lisbet aondoke," aliniambia. "Nikiwa kwangu sijui kama itatoka."

Jumatano iliyopita tulijaribu: sisi tupige, yeye aisali akiwa kwake. Preben alibaki nyumbani na Karen-Marie, nami nikapanda na Torben, nikasimama kwenye yale mashimo mawili. Mapigo matatu, sala. Mapigo matatu, sala, na nilipofika pale Preben anapokwama, Kresten wangu alinijia, nikakwama. Torben alitazama sakafu. Kengele ilikawia, na wengi wenu mliisikia. Karen-Marie anasema Preben alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliposikia nimekawia aliinua kichwa, akasema, "Haya, Gudrun, haya," kisha akayatamka maneno yale kwa sauti na kuendelea. Alimaliza nyumbani kwake, nikiwa bado nimeshikilia kamba.

Ununuzi wa mashine mpya umeahirishwa. Orodha ya zamu za kupiga kengele ipo ukutani katika nyumba ya usharika, na hadi leo ina majina kumi na moja.

Preben, asante kwa makaburi yaliyonyooka, kwa ua, na kwa kila jioni uliyopanda. Wewe na Karen-Marie tunawatakia siku nyingi, bega lililopona, na nyama mezani mpaka mshibe. Kengele ikikawia usivae viatu uje. Ni mmoja wetu amekwama. Wewe tangulia, utatusubiri kwenye Amina.