Siku ya Mwisho ya Kuuza Sikio la Reli

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la mikate la Marg, linatazamana na posta, na mgongo limeipa reli. Lilikuwa la abiria, huko stesheni. Stesheni ilipofungwa wanaume wanne walilibeba mabegani mchana kweupe wakalivusha barabara, na hadi leo hakuna aliyewauliza. Ukipita hapo saa nne asubuhi, jua la Januari likiwa limekwisha kuilainisha lami, utawakuta watatu walewale. Yupo Buluu, dereva wa treni mstaafu, ambaye enzi zake alikuwa na nywele nyekundu kama kutu, na kwa hiyo mji ukamwita Buluu, maana ndivyo mji huu unavyotania, kwa kusema kinyume. Yupo Taruma, aliyetandika mataruma, yale magogo ya kulazia reli, miaka thelathini mpaka mgongo wake nao ukapinda kama reli iliyopigwa na joto. Na yupo Katibu, karani wa benki hadi benki ilipolifunga tawi lake. Yeye ndiye mwenye simu inayosema bei za hisa, kwa hiyo anaaminika, au tuseme anajiamini. Kahawa yao ni ya maziwa, kombe kubwa. Taruma peke yake hunywa ile ya baridi ya boksi, kwa mrija, na ole wako umcheke.

Asubuhi hiyo Noelene Pascoe alitoka kwake na bahasha mkononi. Akalifikia sanduku la posta, akasimama, akalipita. Akaja mbele ya benchi.

— Leo nimekuja kushauriwa, — alisema. — Msizoee.

— Leo ndiyo leo? — aliuliza Katibu.

— Leo ndiyo leo. Gari la posta linapita saa sita kasorobo. Fomu hii isipoondoka nalo, wale wanunuzi hawanijui tena.

Buluu akasogea ampishe aketi. Noelene hakuketi. Mtu mwenye jambo zito tumboni kitako hakitulii.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Iko kampuni inaitwa Gidgee, yenye karakana yake kule pwani, inayotengeneza masanduku ya bati ya kuweka kando ya reli. Treni ikipita, sanduku linasikiliza magurudumu yote, linajua beringi ipi imeanza kulia, linapeleka habari kabla chuma hakijaungua. Colin, mumewe Noelene, alikuwa mkaguzi wa magurudumu. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo, anagonga gurudumu moja, anatega sikio, anagonga la pili. Sanduku lile lilikuja kuila kazi yake. Na Colin, badala ya kulilaani, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua hisa za Gidgee. Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu: Pascoe kanunua jeneza lake mwenyewe! Yeye akawajibu, “Masikio yangu yanazeeka. Lile halizeeki.”

Sasa Colin ana miaka mitatu kaburini. Kampuni moja kubwa ya Ulaya inataka kuinunua Gidgee yote, na uzee mzima wa Noelene umo ndani ya bahasha, kwenye fomu ya kukubali kuuza hisa. Akiuza, atakula na kuvaa salama mpaka siku yake. Asipouza na kampuni ikaanguka, hana pengine pa kushika. Mwanawe Darryl alimpigia jana kutoka jijini Adelaide: uza, Mama, upumzike.

— Darryl ana akili, — alisema Katibu. — Uza. Nasema kama mtu wa benki. Gidgee ina wateja wakubwa watatu tu: wa ngano, wa madini, wa makaa ya mawe. Mmoja akikohoa, Gidgee inalazwa hospitali. Na hawa wa Ulaya wanatoa theluthi nzima juu ya bei ya soko. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo ipeleke sasa hivi.

— Katibu, hiyo inasema mtu asifanye haraka, — alisema Noelene.

— Ndiyo. Umekaa na hisa miaka kumi na miwili. Hiyo nayo ni haraka?

Ndiyo taabu ya Katibu. Anakosea njia nzima halafu anafika.

— Usimsikilize mtu ambaye benki yake mwenyewe ilimfia mikononi, — alidakia Buluu. — Nisikilize mimi niliyeliona hilo sanduku likifanya kazi. Mwaka wangu wa mwisho, Februari, joto nyuzi arobaini na nne. Nimebeba ngano, mabehewa arobaini na nane. Napita sanduku la kivuko cha Hobbs, pale barabara inapokatiza reli, redio inaniambia simama, behewa la thelathini na moja, ekseli ya pili. Haya, nikasimama. Nikatembea na jua lile, nzi wananiingia mpaka puani. Naweka kiganja kwenye kasha la beringi: halina joto kuliko wenzake! Nilitukana, Noelene. Nililitukana sanduku nikamtukana na mama yake.

— Sanduku halina mama, — alisema Taruma.

— Siku hiyo lilikuwa naye. Lakini amri ni amri, tukalikata behewa tukaliacha kando. Jumatatu yake karakana wakafungua. Beringi ilikuwa imesagika huko ndani kama biskuti iliyoanguka kwenye chai! Kilomita hamsini zaidi na gurudumu linatoka. Na hizo kilomita hamsini zinaishia wapi? Hapa! Nyuma ya benchi hili! Tangu siku ile nikipita kivuko cha Hobbs navua kofia.

— Anavua kweli, — alisema Taruma. — Nilimwona kwa macho yangu. Nikadhani kuna mtu amekufa.

— Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana naivua.

Sifa za sanduku Noelene alizisikia kama sifa za Colin. Hakujua kama huo ni ushauri au ni ujane tu.

— Basi nisiuze, — alisema.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Buluu, — na reli zote za dunia zimechoka kuvunjika guu. Hii kampuni bado mtoto. Mtoto wa simba hauzwi kwa bei ya paka.

— Nyinyi mnafikiri kidogo, — alisema Taruma. Alinyonya mrija, akameza. — Hapa kwetu treni tunazihesabu kwa vidole. Nenda India. India watu wanapanda treni kama sisi tunavyopanda kitanda. Kila gurudumu la India likitaka sikio lake, Gidgee itatoa wapi bati? Halafu wakitoka kwenye magurudumu wanaingia kwa binadamu. Hospitali. Unalazwa kwenye kitoroli, unasukumwa mbele ya sanduku, sanduku linasema: huyu behewa la mbele zima, tatizo ekseli ya nyuma, goti la kushoto.

— Wewe lingekusimamisha kivukoni, — alisema Buluu.

— Mimi wangenikata waniache kando!

Noelene akacheka, ingawa hakupanga kucheka. Katibu hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo.

— Mnacheka, lakini angalieni mbele. Nimesoma kuna wataalamu wanaota kujenga reli mwezini. Haya. Mwezini kuna hewa?

— Hakuna, — alisema Taruma.

— Pasipo hewa kuna sauti?

— Sijawahi kufika.

— Hakuna sauti! Sasa sanduku la kusikiliza litasikiliza nini? Gidgee itafika mwezini ikae kama kiziwi harusini. Biashara imekwisha. Noelene, uza kabla hawajafika.

— Kabla ya reli ya mwezini? — aliuliza Noelene. — Mimi nina miaka sabini na minne, Katibu.

— Akiba haiozi.

Taruma alikuwa ameacha kunyonya. Aligeuka nyuma polepole, mgongo wake ukilalamika, akautoa mrija kwenye boksi akaunyoosha kuelekea reli, hatua thelathini hivi, ambako limesimama sanduku moja la Gidgee, la kijivu, limetulia zake.

— Kwani hamjajiuliza Ulaya wanalitakia nini? — alisema kwa sauti ya chini. — Lile pale linasikia beringi iliyo ndani ya chuma, treni inakimbia, upepo unavuma. Litashindwa kutusikia sisi?

Katibu akafunika kombe lake kwa kiganja, sijui alidhani kahawa nayo inasema.

— Juzi nilisema nini juu ya mke wa mchungaji? — Buluu alinong'ona.

— Ulisema vibaya, — alijibu Taruma.

— Kwa hiyo Ulaya wanajua?

— Ulaya wanacheka mpaka sasa.

Wakati huo mlango wa Marg ulifunguka akatoka mwanamke mgeni, mpana wa mabega, na pai la nyama mkononi, sosi ya nyanya imejaa juu. Aliitwa Ngaire, mpishi wa kundi la wakata manyoya ya kondoo, mtu wa New Zealand aliyezoea kulisha wanaume thelathini wenye njaa. Gari lake lilikuwa gereji ya jirani likibadilishiwa tairi. Aliomba nafasi, akapewa, maana Noelene bado alikuwa amesimama. Akala kimya. Akawasikia wakirudia yote, wateja watatu, kivuko cha Hobbs, India, mwezi, theluthi ya ziada. Saa ya posta ilionyesha sita kasoro dakika ishirini na tano.

— Samahani, wazee, — alisema akijifuta kidole. — Reli siijui, nauliza tu. Hawa wanaotaka kununua, wameona nini?

— Wameona nini vipi? — aliuliza Katibu.

— Umesema kampuni ina wateja watatu tu. Wao hawajui hilo?

— Hao? Hao wana wahasibu jengo zima. Wanajua mpaka namba ya kiatu cha mlinzi.

— Na bado wanatoa theluthi ya ziada.

— Bado.

— Basi wameona nini? Huko ninakopika, mtu akija kugonga mlango anataka kondoo ambaye hukumtangaza, humjibu ndiyo wala hapana. Kwanza unaondoka unakwenda kumtazama tena yule kondoo.

Katibu akaitelezesha simu juu, akaitelezesha chini.

— Hapa haijaandikwa, — alisema.

Buluu aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu mwaka aliostaafu alikuna kichwa.

— Lakini matajiri nao hukosea, — alisema Katibu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayemjali rafiki. — Noelene, hukosea sana. Mimi nimewaona.

— Hukosea, — alikubali Ngaire. — Sikusema mama asiuze. Nimeuliza tu.

Noelene hakuwa akiwasikiliza tena. Kimawazo alikuwa jikoni kwake, miaka kumi na mitatu nyuma, kiangazi kile walipokuja wahandisi wawili vijana kulijaribu sanduku la kwanza, wakala mezani pake wiki nzima kwa sababu hoteli ilikuwa ghali. Siku moja sanduku lilisema magurudumu kumi na moja ni mabovu. Colin akaenda na nyundo yake, akarudi akasema: tisa. Mawili hayana neno. Noelene aliwajua vijana wasomi, akangoja wabishe. Mmoja wao, binti aitwaye Prue, aliweka uma chini, akavuta karatasi. “Yale mawili yalisikikaje?” aliuliza. Wali wa watu ukapoa, Colin akigonga meza kwa kijiko, hivi, si hivi, na binti akiandika. Walipoondoka Colin alisema, “Umeona? Nimemwambia kakosea, akaomba nimwambie tena.” Mwaka uliofuata, alipolipwa kiinua mgongo, akaenda benki.

Prue huyo sasa ndiye mkuu wa Gidgee. Barua yake ya mwaka jana kwa wenye hisa haikuanza na faida. Ilianza na mahali sanduku liliposimamisha treni bure, mahali mara moja lilipoacha gurudumu bovu likapita, na walichotengeneza baada ya hapo. Noelene aliisoma amesimama kando ya sinki, mikono imelowa. Kisha fomu ya Ulaya ikaja na karatasi zake nzuri, na katika wiki sita zote aliuliza kila mtu bei itakuwaje, wala hakumkumbuka Prue hata mara moja.

Kama hicho, mtu anayeomba aambiwe tena alipokosea, ndicho walichokiona Ulaya, hakujua. Inawezekana wao wameona bati tu.

Marg akachungulia dirishani. — Maziwa yameisha, mashine nimezima. Mkitaka kahawa nyingine rudini kesho.

Gari la posta lilikuwa limeingia barabarani, jekundu, na Con, dereva wake, akiwa ameweka kiwiko nje. Alisimama, akalifungua sanduku la posta, akamimina barua kwenye mfuko. Kisha akamwona Noelene.

— Noelene! Una kitu?

Taruma akashika boksi lake tupu kifuani. Katibu akavua miwani, kana kwamba hakutaka kuona.

— Sina, Con.

— Na hiyo bahasha?

Noelene aliitazama. Akaikunja mara moja, akaikunja tena, karatasi nzito ikigoma, akaisukuma mpaka chini kabisa ya mkoba wake.

— Hii ni yangu, — alisema.

Con akainua mabega, akawasha gari. Buluu na Taruma wakabanana upande mmoja bila kuambiwa, na Noelene Pascoe akaketi.