Makopa ya Jumanne

Basi la Temeke kwenda mjini asubuhi ile lilijaa mabingwa wa urubani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Ndege mbili ndogo ziligongana angani Jumanne. Marubani waliokoka kwa miavuli. Gazeti la karani aliyekaa mbele yangu lilikwisha kutoa hukumu: wingu.

"Ni kazi ya Mungu, mama," alimwambia bibi wa ubavuni mwake, mwenye kapu mapajani.

"Mungu msimsingizie. Walikuwa wakifukuzana kama kunguru, nimewaona, na bawa limevunja paa langu. Mkisema wingu, nani atanijengea?"

"Gazeti limewauliza wakubwa wa kiwanja cha ndege."

"Mie nilikuwa uani, baba. Nimeanika makopa tangu asubuhi mpaka alasiri. Wewe umeona wapi mtu anaanika muhogo kwenye wingu?"

Karani alisema muhogo si ushahidi. Bibi akatoa kapuni kipande cheupe kama chaki, akakivunja mbele ya pua ya karani. Kililia ka! "Kingekosa jua kingeota ukungu. Tafuna."

Akatafuna. Tai yake ikajaa unga. "Hata hivyo, mama, Tume inayochunguza ajali haisikilizi makopa."

"Haijayasikia bado. Kondakta! Nishushe bomani, Tume inakaa saa tatu."

Mie nilikuwa naenda Kariakoo. Basi liliposimama nilishuka naye, pamoja na nusu ya mabingwa, na kapu tulilibeba kwa kupokezana.