Aliyekata Kanda kwa Wembe, Akatuachia Nyimbo Nzima

Shangazi hakuwahi kupita karibu na kitu bila kukigonga. Meza, ndoo, mlango wa jirani, kichwa cha mpwa aliyekaa vibaya: alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akaendelea na safari yake. Dukani aligonga sufuria zote kabla ya kuchagua moja.

"Mama, unanunua sufuria au ngoma?" muuzaji alimuuliza siku moja.

"Nanunua sufuria," akajibu. "Ngoma nitaitoa mwenyewe."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alishona sare za shule. Alipenda kusema kwamba alilelewa na makelele. Siku za mapumziko, karakana ilipofungwa, yeye ndiye mtoto pekee aliyeshindwa kulala.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, ng'ambo ya reli, kisha akaenda sekondari ya wasichana ya bweni alikomaliza mwaka 1969. Huko alifagia bwalo juma zima kwa kosa la kuchanganya wimbo wa shule na tangazo la sabuni mbele ya mgeni rasmi. Mgeni alipiga makofi. Mwalimu mkuu hakupiga. Mwaka 1971 alihitimu kozi ya mitambo ya redio, msichana pekee darasani.

Januari 1972 aliajiriwa redioni, kwanza kwenye maktaba ya santuri, baadaye katika chumba cha kuhariri kanda. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye kiti kimoja na joto la mashine. Siku hizo kanda ilikatwa kwa wembe na kuungwa kwa utepe wa gundi. Vipande alivitundika ukutani kwenye misumari, kila kipindi na msumari wake. Wenzake wakamwita Wembe, na wengi wenu mliopo hapa hamkumjua kwa jina jingine.

Mwezi Agosti 1979, akiharakisha kipindi cha jioni, alichukua vipande kwenye msumari usiohusika. Taarifa ya bei za sokoni ikaingia katikati ya gitaa la bendi ya dansi, na mambo yote yakaenda hewani. Gitaa likapanda, sauti ya msomaji ikasema, "Vitunguu vimepanda." Gitaa likashuka. "Vitunguu vimepanda." Simu zikaanza kulia. Mkuu wa vipindi alizipokea akijiandaa kuomba radhi, kumbe watu walikuwa wanaomba wimbo wa vitunguu urudiwe.

"Ule si wimbo," mkuu alimfokea. "Hauna mwanzo wala mwisho!"

"Hata kitunguu hakina, bosi."

Alipewa onyo kwa kosa la kanda na jingine kwa jibu. Lakini alikuwa amesikia jambo ambalo hakuweza tena kulisahau, na tangu hapo alifanya kwa makusudi kile alichokuwa amekosea. Alishona nyimbo kwa vipande: kwaya ya zamani, kengele ya shule, kicheko cha mtangazaji, mlio wa behewa. Miaka mingi baadaye nilipokuwa chuoni, nilimletea habari kwamba jambo hilo wasomi wanaliita usasaleo: kuchukua vya kale na vya sasa, vya heshima na vya mtaani, na kuviunganisha bila kuomba radhi.

"Kumbe lina jina," alisema. "Mimi nilidhani ni ukaidi wangu tu. Ila andika hivi: bila kuomba radhi, sawa. Bila kuomba ruhusa, hapana."

Ruhusa hiyo ndiyo iliyomletea mume. Juma lile lile la onyo alibeba mashine ya kanda akaenda kumtafuta mwenye gitaa. Alimkuta akiziba pancha za baiskeli, maana kumbi zilikuwa zimeanza kupiga santuri na bendi yake ilikuwa imevunjika. Fundi huyo alisikiliza kanda akiwa na mpira wa baiskeli mkononi.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe na vitunguu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mimi, binti wa kaka yake, niliingia nyumba hiyo nikiwa na miaka tisa baada ya kufiwa na mama, na hakuna siku niliyohesabiwa kuwa mgeni.

Mwaka 1984 kampuni ya santuri ilimwita. Wakati huo hapakuwa na mlango mwingine; bila kampuni hakuna santuri, na bila santuri wimbo ulibaki kumbukumbu ya waliousikia siku ile. Meneja aliutaka wimbo wa vitunguu, lakini gitaa lipigwe upya kwa kinanda cha umeme, na kwenye jalada akae msichana mrembo. "Huyu fundi baiskeli nani atamnunua?" alisema, na fundi mwenyewe ameketi pale pale.

Mumewe alimvuta pembeni ukumbini. "Nitoe tu, mke wangu. Wimbo uende."

"Nikikutoa wewe kinabaki nini? Bei ya sokoni."

Wakashuka ngazi pamoja. Mlango ule haukufunguliwa tena, na kwa zaidi ya miaka thelathini Shangazi hakuwa na santuri hata moja yenye picha yake. Alinakili kanda juu ya meza ya chakula, sisi tukila kwenye mapaja. Kanda zilikwenda kwa vinyozi na washonaji. Hao wakanakili, na wengine wakanakili nakala, mpaka gitaa likasikika kama linapigwa chini ya maji. Mumewe aliuliza kama inamuuma. Shangazi akasema, "Bora gitaa lako ndani ya maji kuliko la mwingine nchi kavu."

Alistaafu mwaka 2006. Kompyuta alifundishwa na mwanawe, akaikata sauti kwa kidole kile kile cha kugongea na kuilalamikia kwamba haina harufu. Kampuni ya santuri ilikufa. Kwenye ofisi zake leo wanauza makava ya simu. Mwaka 2017 aliweka nyimbo zake zote mtandaoni bila kumwomba meneja yeyote, na kwenye picha ya wimbo wa vitunguu akamweka mumewe na gitaa lake. Kufikia mwaka 2019 ulikuwa kwenye simu za watoto wasiojua kanda ni kitu gani. Mwezi Novemba mwaka huo mumewe, mzee wetu, akiwa na miaka sabini na sita, alipanda jukwaani na gitaa. Ukumbi mzima uliimba bei ya vitunguu, naye Shangazi alisimama pembeni ya pazia, akilia na kulalamika kwamba spika ya kushoto inakoroma.

Januari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo kupanuka. Alimwomba daktari amruhusu arekodi mapigo yake.

"Mama, hapa unasikia panachelewa? Huo ndio ugonjwa."

"Najua, daktari. Lakini sikiliza unavyoingia vizuri."

Akauweka moyo huo chini ya gitaa la mumewe, lililorekodiwa sebuleni, na huo ukawa wimbo wake wa mwisho. Ulitoka mwezi Aprili 2024. Alifariki nyumbani Jumanne mchana, tarehe 11 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, mwana mmoja, mimi binti yake wa kulea, wajukuu wanne na kaka mmoja. Mungu ampokee na ampe pumziko jema; sisi tuliobaki tutazoea ukimya polepole.

Asubuhi ya siku aliyofariki, msichana mmoja mwanamuziki, asiyetufahamu, alipiga simu kuomba kipande cha wimbo ule wa moyo. Nilimfikishia Shangazi ombi hilo kitandani. Akanitazama.

"Mkatie wewe, mwanangu," alisema. "Na umwambie hilo gitaa ni la nani."