Mzee Hezron Moxey na Sarafu Alizokataa Kuonyesha

Marehemu Hezron Alpheus Moxey alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Duncan Town, kisiwa cha Ragged, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Alpheus na Bibi Leonie Moxey, wakusanyaji chumvi. Alisoma shule ya kijiji hadi miaka kumi na minne, akahitimu kusoma, kuandika, na kuiga sauti ya kila mwalimu. Mwaka 1955 alipanda meli ya barua kwenda mji mkuu wetu, Nassau, akiwa na mashati mawili na gunia la chumvi. Chumvi aliigawa bandarini kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, ilikuwa nzito kuliko yeye.

Tarehe 9 Novemba 1963 alifunga ndoa na Bi Ismae Deleveaux wa hapa Fox Hill. Walijaliwa watoto wawili. Yeye alimwita mkewe Askofu, na mkewe alimwita Chumvi.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya ufukweni. Mei 1966, pauni zilipoondoka na dola zetu zikaingia, aliona wageni wakisafiri na sarafu mpya za fedha: nusu dola yenye picha ya samaki nduaro, dola yenye kome wa baharini, na dola mbili yenye ndege wawili aina ya heroe, aliyoipenda kupita zote. Ilimuuma. Akawa anazikomboa kwa noti zake palepale mezani.

"Bibi, hawa ndege wetu wakifika Toronto watakufa kwa baridi," alimwambia mmoja wao, naye akacheka akampa.

Mkesha wa Krismasi 1981, kama nyumba zote, yetu ilioshwa kuanzia dari hadi kizingiti na kutundikwa mapazia mapya. Mama yetu, Bi Ismae, aliteremsha pia kisanduku ambamo Baba alihifadhi sarafu zake, akazisugua zote kwa ndimu na magadi mpaka zikang'aa. Hakujua kwamba sarafu ikishasuguliwa, wakusanyaji wa sarafu huiona imeharibika. Marehemu, aliyelijua hilo, aliporudi kutoka kazini alizigeuza moja moja kwenye mwanga.

"Askofu," alisema, "leo heroe wameoga."

Akambusu kwenye paji la uso, akafunga kisanduku. Tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu. Shule iliziomba kwa maonyesho ya uhuru, kanisa likaziomba, wakusanyaji wenzake wakabisha hodi. Aliwakatalia wote, akihofia mmoja wao angemwambia mkewe kuwa kuzisugua kumeziharibu. Mtaani wakamwita mkono wa birika, na jina likamganda. Hata mimi, binti yake Verlene ninayesoma haya, nilimwonea haya, na leo najuta.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2017. Siku mbili kabla ya mwisho, hospitalini, Mama alimshika mkono.

"Chumvi, mimi najua ya zile sarafu. Tangu mwaka themanini na nne. Mnunuzi mmoja wa sarafu kutoka Miami alikuja ukiwa kazini, nikamwonyesha. Akaniuliza ni mpumbavu gani aliyezisugua."

"Ukamwambia ni nani?"

"Nikamwambia ni mume wangu."

Baba alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Mwanamke wee! Miaka yote hiyo, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanificha kwa upendo mwingi. Ningekuharibiaje?"

Alifariki alfajiri ya tarehe 5 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha mjane wake, Bi Ismae, watoto wake Verlene na Dencil, wajukuu watano, na dada yake, Bi Olamae wa Duncan Town. Mama ndiye aliyeniamuru niandike yote haya. "Wasimzike mume wangu na jina lisilo lake," alisema. Sarafu zote zimepangwa juu ya meza mlangoni mwa kanisa. Baada ya ibada Mama atasimama kando ya meza hiyo, na yeyote atakayeuliza ni nani aliyezisugua, Mama atamjibu mwenyewe.

Bwana ampe Baba yetu pumziko lenye amani.