Mama Notburga na Kompyuta Iliyogoma Kuzimika

Tarehe 30 Juni 2003 Mama Notburga Kapinga anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika kituo chetu cha afya hapa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Aliingia akiwa mpiga chapa; anatoka akiwa karani mkuu wa kumbukumbu. Hakuna aliyemzidi kwa kuwahi kazini, wala kwa kugombana na mashine.

Alizaliwa Ukata, kule milimani, katika familia ya wakulima wa kahawa. Aliposhuka huku joto lilimtesa, na usipa, dagaa wa ziwa hili, aliukataa kabisa. Baadaye ndiye aliyetuchagulia usipa mkavu sokoni, na wachuuzi walimwogopa.

Kompyuta ilikuja mwaka 1997, wagonjwa walipokuwa wameshaanza kuchangia matibabu. Wafadhili walitupatia ikiwa imechakaa. Mama Notburga aliiita Bibi Harusi, kwa sababu haikuondoka mpaka ibembelezwe. Ukiiamuru izimike, ilikaa tu ikikuomba usubiri.

Tulicheka, lakini jenereta yetu kubwa ilikuwa imekufa na vipuri havikupatikana. Ile ndogo haikuweza kubeba ofisi na chumba cha upasuaji kwa pamoja. Kila ulipotokea upasuaji, Fundi Kombo alihamisha umeme kutoka ofisini. Na kwa kuwa umeme ulishawahi kukatwa ghafla tukapoteza kumbukumbu nyingi za wagonjwa, Katibu wa kituo aliagiza usikatwe tena kabla kompyuta haijazimika vizuri.

Mchana mmoja wa masika, mwaka 1999, Luisa, mke wa mvuvi wa kijiji cha jirani, aliletwa kwa mtumbwi, uchungu wa kuzaa ukiwa umemshinda. Daktari alisema apasuliwe mara moja. Mama Notburga akaiamuru kompyuta izimike. Nje mvua ilikuwa imefunga kila upande. Kombo alisimama, mkono juu ya swichi.

"Mama, nikate?"

"Subiri, inafunga."

Muuguzi Asia akatoka mbio chumba cha upasuaji. "Mama Notburga, humu giza! Mnasubiri nini?"

Skrini bado iliomba subira. Mama Notburga akainuka kitini. "Kata, Kombo. Kata!"

Luisa alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshafariki.

Daktari alimwambia Mama Notburga kwamba huenda mtoto alikuwa ameshachoka kabla hata mtumbwi haujagusa mchanga. Alimsikiliza, akamshukuru, na hakuamini. Alikwenda wodini akamweleza Luisa yote, bila kutumwa na mtu. Luisa aligeukia ukutani.

Wiki ileile Mama Notburga alidandia lori la kahawa hadi Mbinga, akarudi na Masoudi, mwenye duka la redio aliyekuwa ameanza kutengeneza kompyuta. Masoudi aliifungua akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imejaa takataka. Programu kadhaa zilijifungua zenyewe kila asubuhi bila mtu kuzihitaji, na moja ilikuwa ikingoja majibu ya printa iliyoharibika zamani. Mashine haikuweza kuzimika mpaka zote zifungwe, moja baada ya nyingine. Aliziondoa. Mama Notburga naye akajizoeza kufunga kila kitu mara anapomalizana na mgonjwa, na kutunza nakala ya kumbukumbu kila jioni. Bibi Harusi akaanza kuzimika kabla machela haijapita mlango wa ofisi.

Hakuridhika. Alimfuata Katibu.

"Naomba agizo lile lifutwe. Upasuaji ukihitaji umeme, Kombo akate bila kuniuliza."

"Na kumbukumbu zikipotea? Wafadhili watatuhoji."

"Watuhoji. Kumbukumbu nitaziandika upya. Mtoto siwezi kumwandika upya."

Agizo likafutwa.

Tangu hapo, kila machela ilipopita, alizima kompyuta akatoka uani, akasimama pale hata kwenye mvua, mpaka asikie mtoto akilia. Zipo siku ambazo hakusikia. Alirudi mezani akaendelea na kazi, nasi tulijua tusimsemeshe.

Anarudi Ukata, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mumewe, Elias. Mibuni imezeeka, na kwa bei wanayotoa wanunuzi siku hizi, dawa ya kunyunyizia hainunuliki. Anasema ataing'oa apande maharage.

Tulipoandaa wasifu huu tulimuuliza kama habari ya Luisa tuiache.

"Iandikeni," alisema. "Ila msiandike kwamba nilishinda."

Hatujaandika hivyo, Mama. Tunaandika asante, kwa niaba ya wauguzi, mafundi, na akina mama wengi waliopita kwenye machela ile bila kukujua. Nenda salama. Shamba likupokee vizuri, afya isikutupe, na huko mlimani upate usingizi mzito.